Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Mwalimu mkuu wetu apewe mhasibu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Dodoma.

YAH: OMBI LA MHASIBU MSAIDIZI MMOJA KWA KILA KATA, AZIHUDUMIE SHULE ZA MSINGI

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Makanyagio, kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Mimi ni mzazi. Nimekaa kwenye kamati ya shule ya msingi muda wa kutosha kuijua tofauti ya hati ya malipo na hati ya mapokezi, elimu ambayo sikuwahi kudhani nitaihitaji. Shule yenyewe sitaitaja wala walimu wake, kwa sababu ninayotaka kuyasema hayakuanzia pale na hayaishii pale.

Ombi nalitanguliza, maana najua barua za namna hii husomwa na wasaidizi, nao wana haraka. Tunaomba nafasi ya mhasibu msaidizi mmoja kwa kila kata iingizwe kwenye ikama ya halmashauri, awe anazunguka shule za msingi za kata hiyo akishika vitabu vya fedha, manunuzi na mifumo. Pamoja na hilo, tunaomba mwalimu asikabidhiwe shule kabla hajafundishwa kuiongoza. Yanayofuata ni maelezo tu.

Asubuhi moja ya Jumanne mwalimu mkuu wetu alikuwa na kipindi cha Hisabati darasa la sita. Kabla kengele haijagongwa, lori la mchanga likaingia. Dereva hasubiri, ana tripu nyingine. Mwalimu mkuu akatoka na daftari la mapokezi, akapanda kwenye tairi kuchungulia kama bodi limejaa kweli au limejazwa pembeni huku katikati kuna shimo. Ujanja huo wa wauza mchanga ni wa siku nyingi. Wajumbe wa kamati ya mapokezi wakapigiwa simu. Mmoja yuko sokoni anauza, mwingine yuko msibani. Akiwa bado anawasubiri, ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp: idadi ya madawati mazima na mabovu, kwa kila darasa, ifike kabla ya saa sita. Akaanza kuhesabu madawati. Fundi naye akamfuata kumwambia nondo zimepungua. Darasa la sita walikaa kimya kama dakika kumi, baada ya hapo tuliwasikia hadi barabarani.

Hakuna aliyekosea asubuhi ile. Mchanga ulipaswa kupokelewa, madawati yalipaswa kuhesabiwa, na aliyeomba takwimu huenda naye aliombwa na mkubwa wake dakika tano kabla. Na bado kipindi cha Hisabati kilikufa, na hakuna fomu yoyote ya serikali inayoandika kifo cha namna hiyo.

Wahenga walionya juu ya mshika mbili. Huyu wetu anashika tisa.

Mheshimiwa, mizigo hii haikushuka yote siku moja, ndiyo maana labda huko Dodoma haionekani ukubwa wake. Januari 2016 elimu bila ada ilipoanza, fedha za uendeshaji zikawa zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Jambo jema, maana zamani zilikuwa zikipotelea njiani. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa FFARS, na kila shilingi inayoingia na kutoka ikatakiwa iandikwe humo. Mwaka 2021 zikaja fedha za UVIKO-19, vikajengwa vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, kila chumba shilingi milioni 20, kwa fosi akaunti. Ukafuata mradi wa BOOST kwa shule za awali na msingi. Mwaka 2023 manunuzi ya umma yakahamia kwenye mfumo wa NeST. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na nyingi nazikubali. Ila kila hatua ilipofika shuleni ilimkuta mtu yuleyule mmoja, ambaye hakupunguziwa kipindi hata kimoja.

Fosi akaunti nitaisema zaidi kidogo, kwa kuwa ndiyo niliyoishuhudia kwa karibu. Sifa yake inajulikana: hakuna mkandarasi, hakuna faida ya mkandarasi, kwa hiyo fedha kidogo inajenga kikubwa. Madarasa yamejengwa kweli na mengi yanapendeza. Lakini mkandarasi alikuwa na mtunza stoo, na msimamizi wa mafundi, na mtu wa kulinganisha bei, na mtu wa kukimbizana na risiti za EFD. Kazi zile hazikufutwa alipoondolewa. Zilihamia ofisi ya mwalimu mkuu, bila malipo. Juu ya hapo, chumba cha milioni 20 kilikuwa cha milioni 20 popote pale, wakati saruji ya kufika Mpanda imelipiwa nauli ndefu kuliko saruji inayouzwa Tanga au Mbeya inakotoka. Pengo hilo nani alitakiwa kulijaza? Anapungukiwa mabati mawili, mzabuni hakopeshi tena, na wakubwa wanakuja kukagua Ijumaa. Mwalimu mkuu anakopa. Akilipa deni hilo kwa fedha ya chaki, mkaguzi wa hesabu atalikuta, na litakuwa kosa lake peke yake.

Sisi wa kamati tupo, kwa mujibu wa taratibu. Kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Wajumbe ni wakulima, waendesha bodaboda, mama lishe, na mstaafu mmoja anayesikia kwa tabu. Ni watu wenye nia njema ambao huwekewa mbele karatasi tano zenye mihuri na kuambiwa wasaini hapa na hapa. Wanasaini. Huo ndio ulinzi tulionao kwa mamilioni ya fedha za umma.

Najua jibu moja litakalokuja haraka: walimu wakuu wengine wanakula. Ni kweli, wapo, na sina nia ya kuwafunika. Lakini ukitaka kumrahisishia mwizi kazi, mpe mtu mmoja aagize, apokee, alipe na aandike mwenyewe. Mwenye tamaa utakuwa umemfungulia mlango, na mwaminifu utakuwa umemwacha bila ushahidi siku atakaposingiziwa. Nimewaona waaminifu wanaohofia ofisi ya TAKUKURU kuliko wanavyohofia matokeo ya darasa la saba, na sababu si wizi, ni risiti moja iliyolowana mvua. Mhasibu wa kata angewafaa hao kabla ya kuwabana wale wengine.

Fedha yenyewe ya uendeshaji nayo tuitazame. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 hushuka shuleni, sawa na shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule ya watoto 1,200 inapata kama 600,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani ya majaribio, kitasa kilichovunjika, choo kilichojaa, nauli za kwenda manispaa, bando la kutuma taarifa zinazotakiwa kabla ya saa sita. Kiwango cha 10,000 kilitokana na dola 10 za wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza 2002. Leo hiyo 10,000 haifiki hata dola 5. Sitaki kukuchosha na hesabu ya nyongeza, hilo ni ombi la wenzangu wengine. Ninachosema ni kwamba fedha ndogo namna hii ndiyo inayohitaji mtu anayejua kuipanga, na mwalimu aliyesomea kufundisha Sayansi au Kiswahili hakusomea hilo.

Kwa mkoa wetu kuna jambo la ziada. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 564,604. Ile ya 2022 ilitukuta 1,152,958. Ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, hakuna mkoa mwingine uliotufikia. Watu wamekuja kwa mpunga, mahindi, tumbaku, ng'ombe na dhahabu, na wamekuja na watoto. Sera inasema darasa moja wanafunzi 45, tundu moja la choo wasichana 20 au wavulana 25. Ukija Mpanda Januari, siku ya kuandikisha darasa la kwanza, utaona foleni ambayo hakuna aliyeipangia dawati. Mwalimu mkuu haruhusiwi kumrudisha mtoto, na haifai amrudishe. Anawapokea, kisha anageuka kutafuta pa kuwakalisha. Shule za hapa huvimba kila mwaka, ila ofisi ya mwalimu mkuu ni ileile: meza, kabati lisilofunga vizuri, na kishikwambi kilichotumika kwenye Sensa ya 2022 kabla ya kugawiwa walimu.

Na huyu ana wakubwa wangapi? Afisa Elimu Kata ni bosi wake. Juu yake kuna afisa wa elimu ya awali na msingi wa manispaa, kuna Mkurugenzi. Wathibiti ubora wanatoka Wizara ya Elimu, ambayo si wizara yako. Nidhamu na madaraja ya walimu yako Tume ya Utumishi wa Walimu. Mitihani iko Baraza la Mitihani. Mtendaji wa kata ana lake, diwani ana lake, na mkuu wa wilaya akipita analo lake. Wote hao wanaweza kumwita. Upande wa pili, yeye mwenyewe hawezi kumwajiri mwalimu, hawezi kumlipa, hawezi kumzuia asihame. Kwa mwalimu mtoro anaweza kushughulikia makosa mepesi tu, mengine ni kuandika barua na kungoja. Amepewa dhamana ya mkuu wa taasisi na mamlaka ya kiranja. Posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi ilipoanza kulipwa mwaka 2016 ilikuwa heshima, tunaishukuru. Lakini posho haiongezi saa kwenye siku.

Kisha matokeo yanatoka. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora mwanzoni mwa 2023, uamuzi niliouunga mkono, ila huku chini kupanga shule hakujaisha. Tumezoea kusikia redioni kiongozi fulani amesimama kwenye kikao na kutaka walimu wakuu wa shule za mkiani wavuliwe madaraka. Makofi yanapigwa. Sijawahi kusikia kiongozi akiuliza katika kikao hicho: mwaka jana huyu mwalimu mkuu alikaa darasani siku ngapi, aliingia madarasa ya wenzake kuwaangalia wanavyofundisha mara ngapi, na siku zilizobaki tulimtuma wapi?

Maana kazi yake hasa ni hiyo. Kukaa nyuma ya darasa la pili na kusikiliza kama watoto wanasoma au wanakariri. Kumshika mkono mwalimu mpya aliyetoka chuoni, ambaye hajawahi kuona watoto mia kwenye chumba kimoja. Kumkumbuka aliyekosekana. Hilo la mwisho, Mheshimiwa, kwa Katavi ni zito kuliko unavyoweza kudhani. Utafiti wa afya ya jamii wa 2015–16 ulionyesha asilimia 45 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanaojifungua warudi shuleni, na huo ni uungwana. Lakini kabla ya kurudi kuna kuondoka, na kuondoka huanza na kukosekana Jumatatu, halafu Jumatatu na Jumanne. Msimu wa mpunga familia huhamia mashambani, Kakese, Mwamkulu na mbali zaidi, watoto wakiwa juu ya mizigo. Mwalimu wa darasa anaona daftari la mahudhurio. Anayeweza kumfuata mzazi, kumtafuta mwenyekiti wa mtaa na kulifikisha jambo mbele kwa sauti inayosikika ni mwalimu mkuu. Siku ya kufanya hivyo anakuwa manispaa, amepeleka nakala tatu za kitu ambacho tayari kimo kwenye mfumo.

Kuhusu mafunzo sina mengi. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, upo Bagamoyo, una vituo Mwanza na Mbeya, na kozi zake zinasifiwa na waliozipitia. Shida ni mpangilio: mwalimu huteuliwa kwanza, mafunzo huja baadaye, yakija. Anapata barua, anakabidhiwa funguo, muhuri, na madeni ya mtangulizi wake, kesho yake ni mkuu. Aliteuliwa kwa kuwa alikuwa mwalimu hodari, na mara nyingi ni kweli alikuwa hodari, kwa hiyo tumempoteza mwalimu hodari na hatujapata meneja. Wateuliwe kutoka kwenye orodha ya waliokwisha kusoma. Kama ada ni tatizo, wasomeshwe wachache kila mwaka kwa fedha za halmashauri, wakae akiba.

Kwamba mhasibu wa kata ni ndoto, sikubali. Fedha zilipoanza kutumwa moja kwa moja kwenye vituo vya kutolea huduma za afya, serikali ilipeleka wahasibu wasaidizi kwenye vituo vya afya, kwa sababu iliona haiwezekani tabibu apime malaria huku anafunga hesabu. Ilikuwa hoja sahihi. Mwalimu mkuu hana tofauti na tabibu yule, isipokuwa wagonjwa wake hawafi mbele yake. Wala siombi mhasibu kwa kila shule, najua mzigo wa mishahara. Mmoja kwa kata, mwenye cheti tu, anayeshinda siku moja ya juma katika kila shule, anatosha kuanzia. Vijana wenye vyeti vya uhasibu wanaoendesha bodaboda hapa Mpanda si wa kutafuta.

Nina sababu ya kukusihi uharakishe. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, na kwao huo ndio mwisho wa elimu ya msingi. Kaka na dada zao waliokuwa darasa la nne wakati huo wamebaki na mtaala wa zamani, nao watamaliza darasa la saba mwaka huohuo wa 2027. Januari 2028 makundi yote mawili yanakwenda kidato cha kwanza kwa pamoja. Sera mpya inataka kila mtoto asome miaka kumi kwa lazima, kwa hiyo hakuna wa kuachwa nyuma. Maana yake ni ujenzi mwingine mkubwa kama ule wa UVIKO au kuuzidi, katika mkoa ambao idadi ya watu wake imeongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi. Kwa utaratibu uliopo, wajenzi wake watakuwa wakuu wa shule za sekondari na walimu wakuu wa shule za msingi, wakiwa wamesimama juu ya tairi la lori wakichungulia mchanga, katika mwaka uleule ambao walimu wanatakiwa wabadilishe namna wanavyofundisha.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba ofisi yako iombe kibali cha ajira ya wahasibu wasaidizi wa kata mapema, na kama fedha hazitoshi nchi nzima, ianze na mikoa ambayo Sensa ya 2022 imeonyesha inakua kwa kasi zaidi. Naomba pia utoe agizo dogo lisilogharimu kitu: taarifa ambayo tayari imo kwenye mfumo isiombwe tena kwa karatasi wala kwa WhatsApp, na mwalimu mkuu asiitwe kikaoni wakati wa vipindi. Hilo la pili linaweza kuanza Jumatatu ijayo.

Jibu lako likifika tutalibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule, kando ya taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka, wazazi walisome.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, mjumbe wa kamati ya shule,
Kata ya Makanyagio, Manispaa ya Mpanda.